Aliyekata Ukurasa wa 203

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, ukurasa wa 188 wa kitabu kilichokuwa juu ya meza ya karakana ya maktaba ulifuatwa na ukurasa wa 193.

Aliyekileta alikuwa Nesi, mstaafu wa wodi ya majeruhi, msomaji namba 88. Alikisogeza chini ya taa, akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono.

"Kuna mtu ananichezea shere, mdogo wangu. Wageni wote wameketishwa sebuleni, inspekta anafungua mdomo aseme nani kamuua bwana mwenye nyumba, nafunua ukurasa, nakuta wageni hao hao wanavaa makoti na kuagana!"

"Si ulishakisoma, dada?"

"Mara ya tatu hii. Na ndiyo maana naumia. Asiyekijua angedhani ndivyo kilivyoandikwa."

Fundi alivaa miwani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kushona, kugundisha na kuvika majalada vitabu vya maktaba hiyo. Aliinamisha taa. Karatasi mbili, yaani kurasa nne, zilikuwa zimeondolewa. Hazikuchanwa. Zilikatwa kwa kitu chembamba na chenye makali, kwa kufuata rula, na kwenye mshono ulibaki ukingo usiozidi upana wa njiti ya kiberiti.

Kitabu kilikuwa *Glovu za Mpishi*. Hilo halikuwa jina lililochapwa juu ya jalada. Rafu ya dirishani ilikuwa na riwaya sitini na nne za upelelezi, zote za Waingereza, zilizofika kwa michango ya miaka mingi, na majina yake ya Kiingereza yalikuwa marefu na yakifanana. Kwa hiyo wasomaji walivipa vitabu majina yao wenyewe, na hata Karani wa dirisha la kuazimia aliyatumia hayo.

Fundi aliipitia rafu nzima, kitabu kimoja kimoja. Saa nne kamili alikuwa amemaliza. Vitabu thelathini na kimoja vilikuwa vimekatwa. Thelathini na vitatu vilikuwa vizima. Alichagua neno la kuandika kwenye daftari la kazi, akaandika: "Makusudi."

Saa nne na nusu Mkutubi aliingia karakana akifuatana na Mwenyekiti wa kamati ya maktaba. Mkutubi alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na hofu ya kudumu ya barua kutoka makao makuu. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa fasihi, na mji mzima ulimwita Mwalimu, wakiwemo watu ambao hakuwahi kuwafundisha. Kwa miaka mitatu alikuwa akipendekeza rafu ya dirishani iondolewe. Kila mara kura zilikuwa mbili dhidi ya moja: Mkutubi na Nesi, ambaye aliwakilisha wasomaji, upande mmoja, yeye peke yake upande wa pili.

"Kwa hiyo rafu imejifia yenyewe," Mwalimu alisema baada ya kukagua vitabu vitatu. "Sitavaa nguo nyeusi."

"Haijafa," Fundi alisema. "Imejeruhiwa."

"Mkutubi, hebu tusomee kanuni ya tisa."

Mkutubi aliijua kwa kichwa. Kitabu kilichopotea huchunguzwa na makao makuu. Kitabu kilichoharibika hadi kutosomeka hufutwa kwenye orodha na kupelekwa kusagwa, pamoja na kadi yake, kwa sahihi ya Mwenyekiti peke yake, mradi aitie mbele ya kikao.

"Hadithi ya upelelezi isiyomtaja muuaji inasomeka?" Mwalimu aliuliza. "Haisomeki. Sasa la pili. Nani humu ndani ana kisu kikali, rula ya chuma na mkono usiotetemeka?"

Mkutubi alitazama droo ya Fundi, kisha akatazama viatu vyake.

Fundi aliifungua droo mwenyewe. "Kisu hiki hapa. Mimi nikikata karatasi naweka kipande cha kadibodi chini yake, kila siku, tangu siku ya kwanza. Aliyekata hivi hakuweka. Tazameni: kila ukurasa unaofuata una mkwaruzo wa wembe."

"Mtu mwerevu angeacha mkwaruzo huo kusudi."

"Mtu mwerevu, Mwalimu, angekata vitabu vya mtu mwingine. Hivi navisoma mimi."

"Ndicho kinachonisikitisha," Mwalimu alisema, bila kupandisha sauti. "Mwanamke mwenye akili kama yako. Vijiji vya Waingereza, chai, mbwa na maiti kwenye zulia. Vinakuhusu nini?"

"Maiti hazinihusu. Uongo unanihusu. Mtu anayesema alikuwa mahali fulani na hakuwepo, huyo ninamfahamu bila kupanda ndege. Ninakaa naye, nafanya kazi naye. Mle ndani ya kitabu anabanwa, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka anakosa pa kutokea. Napenda. Sihitaji kibali."

"Na mimi sihitaji!" Nesi alidakia kutoka mlangoni, alikokuwa amesimama bila kualikwa. "Naanza na ukurasa wa mwisho kabisa ili nijue nani amebaki hai, kisha narudi mwanzo. Watu wanasema ni vibaya. Nimekaa wodini miaka thelathini na mmoja nikisubiri kujua nani atabaki hai. Sasa nasubiri ninavyotaka mimi."

"Bi Nesi, mimi sijawahi kusoma hata kimoja, na sijapungukiwa kitu." Mwalimu alitoa daftari jeusi mfukoni, akaandika, akalirudisha. "Kikao ni Alhamisi, saa tisa alasiri. Ajenda mbili: kufutwa kwa vitabu, na kusimamishwa kazi kwa Fundi. Mpaka hapo droo ifungwe, na ufunguo akae nao Mkutubi."

Ufunguo ulikabidhiwa saa tano kasoro dakika tano. Fundi alibaki na rula, gundi, taa na siku mbili.

Alianza na Karani.

Karani alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye mwandiko mzuri na subira fupi. Alikuwa akibandika vibandiko vya kompyuta kwenye vitabu vya maarifa, na vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa gundi.

"Rafu ya dirishani uliibandika lini?" Fundi alimuuliza.

"Ijumaa, Mama Fundi. Nilimaliza saa kumi na moja jioni. Nilipitia kila kitabu, vyote sitini na vinne, maana kibandiko kinakaa ndani ya jalada la nyuma."

"Kurasa zilikuwepo?"

"Kitabu kilichokatwa kinafunguka vibaya, kinatoa ulimi. Ningekiona. Vilikuwa vizima."

"Jumamosi?"

"Hatufungui. Jumapili lango la nje lina kufuli, na Jumatatu asubuhi Nesi alikwisha chukua kitabu chake. Lakini Jumamosi wewe ulikuja, si ulikuwa unashona magazeti? Uliondoka saa sita."

"Niliondoka saa sita. Nani mwingine ana ufunguo wa ukumbi?"

Karani alihesabu kwa vidole vyenye gundi. "Mimi, Mkutubi, Mwenyekiti. Mimi Jumamosi nilikuwa harusini, nina picha mia mbili kama unataka. Mkutubi alisafiri. Mwenyekiti sijui. Lakini yeye ana shida gani na wembe? Akitaka rafu iondoke si ataendelea kupiga kelele tu?"

"Hebu niambie habari ya kompyuta hii."

"Kuanzia Jumatatu ijayo kadi za karatasi basi. Kila msomaji anakuja mwenyewe, anapigwa picha, anapewa orodha iliyochapwa ya kila alichowahi kuazima. Tangazo lilibandikwa Alhamisi iliyopita. Unajua tutacheka? Kuna watu wanajifanya wanasoma falsafa, kumbe ni mapishi matupu."

Fundi alirudi karakana. Alitumia mchana wote kufanya jambo moja: kuandika, kwa kila kitabu kilichokatwa, kurasa zilizokosekana na kile kilichokuwemo ndani yake. Vyote alikuwa amevisoma zamani; baadhi mara mbili. Saa kumi jioni orodha ilikuwa kamili, na ilimkalia vibaya.

Vitabu havikukatwa mwishoni. Vilikatwa mahali muuaji anapotajwa. Kwenye *Barua ya Hotelini* jina hutoka kurasa arobaini kabla ya mwisho, na hapo ndipo wembe ulipopita. Kwenye *Shemeji wa Nahodha* muuaji anajitaja mwenyewe katikati ya mazungumzo ya samani; mtu asiyekijua kitabu angeyapita mazungumzo hayo bila kushtuka. Wembe haukuyapita.

Aliyekata alikuwa amevisoma vyote thelathini na kimoja, kwa makini.

Fundi aliliandika hilo na kulipigia mstari. Halikumsaidia. Watu wawili tu mjini walijulikana kuwa wamemaliza rafu nzima: Nesi na yeye. Na lilimwondoa mtu pekee aliyekuwa na sababu ya wazi, kwa kuwa Mwalimu hakusoma hata kimoja, na chuki peke yake haimwonyeshi mtu ukurasa.

Saa kumi na nusu Nesi alikuja kuuliza habari, akaisoma orodha hiyo akiwa amesimama.

"Kwa hiyo ni mimi au wewe," alisema.

"Jumamosi mchana ulikuwa wapi, dada?"

Nesi akacheka kwa sauti hadi Mkutubi akachungulia. "Vizuri! Usimwonee haya mtu. Nilikuwa kwa mwanangu, nimezungukwa na wajukuu wanne, kuanzia saa nne mpaka jua linazama. Mkwe wangu ni shahidi, na hanipendi, kwa hiyo hatadanganya kwa ajili yangu. Na wewe baada ya saa sita?"

"Nyumbani. Peke yangu."

"Basi, mdogo wangu, hali yako mbaya kuliko yangu."

Jumatano, saa tatu na robo asubuhi, Fundi alifika kwenye kitabu cha ishirini na mbili cha ukaguzi wa pili. Kilikuwa *Ngazi ya Kasisi*. Siku iliyotangulia aliandika tu: 203 hadi 206, daktari anatajwa. Sasa alikaa akiitazama sentensi yake mwenyewe.

Daktari anatajwa, ndiyo. Ukurasa wa 203 inspekta anamnyooshea kidole daktari wa kijiji, ushahidi unapangwa, na chini ya ukurasa wa 206 daktari anainamisha kichwa. Lakini ukurasa wa 207 binti wa kasisi anarudi kwa gari moshi la asubuhi na habari mpya, hesabu yote inapinduka, na daktari anaachiwa huru. Muuaji wa kweli anatajwa ukurasa wa 217.

Ukurasa wa 217 ulikuwepo. Haukuguswa.

Katika vitabu thelathini mtu huyo hakukosea hata mara moja. Katika kimoja alikata jibu la uongo na kuacha la kweli.

Fundi alishika kurasa za mwisho za kitabu hicho kati ya vidole viwili. Karatasi yake ilikuwa nyeupe zaidi na nene zaidi kuliko nyingine. Aliifahamu kwa sababu aliishona yeye. Kitabu kilifika na sanduku la michango kikiwa kimechomoka kurasa kumi na sita za mwisho, 207 hadi 222, na kwa kuwa ukurasa wa 206 uliishia na nukta na kichwa kilichoinama, aliyepokea sanduku hakugundua upungufu wowote. Baadaye Fundi aliandikia maktaba ya mji jirani, akaletewa kopi za kurasa hizo, akazikata kwa kipimo na kuzishonea mahali pake.

Alienda kwenye dirisha la Karani haraka kuliko ilivyo desturi ya mtu wa umri wake.

"Nipe kadi ya *Ngazi ya Kasisi*."

Karani aliichomoa. Ilikuwa fupi kusoma. Kitabu kiliingia maktaba mwezi wa pili, mwaka juzi. Aliyekiazima wa kwanza: namba 212. Wa pili: namba 88, Nesi, aliyekirudisha kesho yake. Kisha mhuri wa karakana: matengenezo. Baada ya matengenezo kulikuwa na namba tisa, na 212 haikurudi tena.

"Nesi alikirudisha kesho yake akapiga kelele," Karani alikumbuka. "Alisema hakina mwisho, binti wa kasisi hajulikani alikokwenda."

"Kwa sababu yeye huanza na ukurasa wa mwisho. Aliyetangulia alikirudisha bila neno. Alidhani amekimaliza." Fundi alishusha miwani. "Kila aliyekisoma baada ya kushonwa anajua kwamba si daktari. Nesi anajua. Mimi najua. Mtu mmoja tu katika mji huu alikisoma kikiwa kimekatika na hakulalamika. 212 ni nani?"

Karani hakuhitaji kufungua rejista. "Mama Mwalimu. Mke wa Mwenyekiti. Haji mwenyewe, mzee ndiye humchukulia, kila miezi miwili, huku ananung'unika. 'Mpe mama takataka yake.' Ndivyo anavyosema."

"Toa kadi zote sitini na nne. Nitafutie 212."

Iliwachukua dakika arobaini. Namba 212 ilikuwemo kwenye kadi thelathini na moja. Walizilinganisha na orodha ya Fundi, moja moja. Zilikuwa zile zile.

"Haiwezekani," Karani alisema kwa sauti ndogo. "Mama Mwalimu? Yule fundi cherehani?"

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa mtaa wa tatu kutoka maktaba. Saa nane mchana mkewe alikuwa kibarazani, mguu kwenye cherehani, pini nne mdomoni, akishona sare za shule. Alizitoa pini moja moja kabla ya kujibu salamu.

"Karibu, fundi mwenzangu. Kiti hicho kizima, hicho kingine kitakuangusha. Mzee hayupo."

"Nimekujia wewe, mama. Nina swali kuhusu kadi yako ya maktaba."

"Kadi yangu?" Alicheka. "Mimi maktaba hiyo sijaikanyaga tangu niolewe. Nilijaza fomu mwaka wa kustaafu kwake, akasema ni vizuri kila mtu nyumbani awe na kadi. Nikaweka sahihi. Nasoma gazeti la michezo, ukurasa wa nyuma. Kiingereza chenyewe nilikiacha darasa la saba, na hakijanitafuta."

"Hujawahi kusoma riwaya za upelelezi?"

"Za nini?"

Fundi alimweleza. Mwanamke yule alisikiliza bila kukatiza, na mguu wake ukaondoka kwenye kanyagio la cherehani. Fundi alipofika kwenye idadi, mama yule aliinua mkono.

"Rudia. Jina langu limeandikwa mara ngapi?"

"Mara thelathini na moja."

"Na vitabu hivyo hivyo ndivyo vimekatwa, na kesho wewe unafukuzwa kazi?"

"Kesho saa tisa."

Mama Mwalimu alichoma pini kwenye mto wake, taratibu, zote nne. "Kila siku baada ya chakula anajifungia chumba cha mbele. Anasema anasahihisha kazi za wanafunzi. Mwanamke mwenzangu, amestaafu miaka sita! Mimi nikasema basi, ni mazoea, mzee anajisahihishia hewa. Wakati mwingine namsikia anapiga meza: 'Nimempata!' Nikadhani kapata kosa la sarufi."

Alinyanyuka, akaingia ndani, na kukaa huko dakika sita. Alipotoka mikono ilikuwa mitupu, lakini uso ulikuwa umebadilika.

"Kesho nitakuja mwenyewe," alisema. "Usinitume neno, usije kunichukua. Njia naijua."

Alhamisi, saa tisa kamili, kikao kilifunguliwa katika chumba cha nyuma cha ukumbi. Kulikuwa na meza moja ndefu, Mwalimu kwenye kichwa chake, Mkutubi kuliani, Nesi kushotoni, Karani akiandika muhtasari. Fundi aliketi mwisho wa meza. Vitabu thelathini na kimoja vilipangwa katikati, na juu yake ilikuwa fomu ya kufuta iliyosubiri sahihi.

"Mtuhumiwa ana la kusema?" Mwalimu aliuliza.

"Fundi ana la kusema," Fundi alijibu. "Mtuhumiwa bado hatujamtaja."

Nesi alikohoa kwa furaha.

Fundi alieleza kwa mpangilio. Ijumaa saa kumi na moja vitabu vilikuwa vizima. Jumanne asubuhi vilikuwa vimekatwa. Havikukatwa ovyo. Kitabu cha upelelezi kilichokosa ukurasa wa arobaini bado huazimwa. Kilichokosa jina la muuaji hakiazimwi, na kanuni ya tisa hukihesabu kuwa hakisomeki. Aliyekata alijua jina linatoka wapi katika kila kimoja.

"Yaani msomaji," Mwalimu alisema. "Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo."

"Msomaji, ndiyo. Ila msomaji huyu alikosea mara moja." Alikivuta *Ngazi ya Kasisi*. "Hapa alikata ukurasa wa 203 hadi 206, ambapo daktari anashtakiwa. Aliamini daktari ndiye muuaji."

"Na ndiye," Mwalimu alisema.

Kalamu ya Karani ilisimama. Mkutubi aligeuza kichwa polepole.

"Umejuaje, Mwalimu?" Fundi aliuliza. "Jumanne, mbele ya watu watatu, ulisema hujawahi kusoma hata kimoja."

Mwalimu alirekebisha tai yake. "Mke wangu hunisimulia. Yeye ni mpenzi wa vitu hivi. Nimevumilia."

"Namba 212."

"Nadhani ndiyo namba yake. Kama amefanya jambo la kipuuzi, litamalizwa nyumbani."

Mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo wa sentensi hiyo. Mama Mwalimu aliingia akiwa amevaa nguo yake ya kutokea, mkoba mkononi, akasimama nyuma ya kiti cha Fundi.

"Lisimalizwe nyumbani," alisema. "Lianze hapa. Mume wangu, nilikusimulia lini? Kwa lugha gani?"

"Mama, hiki ni kikao."

"Nakiona. Kwa miaka sita mimi ndiye mpenda takataka katika mji huu, na sijui hata takataka ina rangi gani. Leo nimekuwa mkata vitabu pia? Kwa wembe upi, ule wako wa ndevu?" Alifungua mkoba, akaweka juu ya meza bahasha nene ya kaki na daftari jeusi. "Zilikuwa chini ya godoro la chumba cha mbele. Niliziona jana, nikaziacha, nikasema nikupe usiku mmoja uniambie mwenyewe. Ulinionyesha mgongo."

Mkono wa Mwalimu ulienda mfukoni, ukalikuta daftari lake la vikao, ukatulia hapo. Daftari la mezani lilikuwa pacha wake.

Mkutubi, ambaye katika maisha yake hakuwahi kufungua kitu cha mtu, alifungua bahasha. Karatasi zilizokatwa zilikuwemo zote, zimefungwa kwa mafungu thelathini na moja, kila fungu na kibanio chake.

Fundi alifungua daftari. Lilikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula. Safu ya kwanza: jina la kitabu. Ya pili: ukurasa ambao msomaji alikisia muuaji. Ya tatu: ukurasa ambao muuaji anatajwa. Ya nne: alama ya vema au ya kosa. Katika vitabu thelathini na kimoja kulikuwa na vema sita. Kwenye mstari wa *Ngazi ya Kasisi* vema ilikuwa imezungushiwa duara mara mbili, na pembeni yake: "Nilimpata ukurasa wa 61!"

"Hukuvisoma tena Jumamosi," Fundi alisema. "Ulifuata safu ya tatu. Ukafungua 203 kama ulivyoandika, ukakata, ukaweka chini, ukachukua kingine. Ungetazama ukurasa uliobaki mbele yako ungeona kazi yangu. Lakini hukuwa na sababu. Uliridhika na daktari."

Kisha Mwalimu alizungumza, na sauti yake haikuwa ile ya kikao.

"Nimewachapa wanafunzi kwa vitabu hivi. Nimevichoma, mbele ya paredi. Nimeandika makala. Halafu nikastaafu, mchana ukawa mrefu, nikachukua kimoja ili nijue ninachokipinga." Aliisogeza bahasha. "Jumatatu mngechapisha orodha na kumwita mke wangu kupigwa picha. Angesema asemavyo. Kadi zikitoweka, makao makuu yangechunguza. Vitabu vikifutwa, kadi zinasagwa navyo."

"Na mimi?" Fundi aliuliza.

"Wewe ungepata kazi kwingine. Una mikono."

"Nina mikono, na ninayo hapa." Alilifunga daftari. "Unajua kosa lako, Mwalimu? Si kuvisoma. Ulikaa miaka sita ukifurahi, ukamwandikia furaha hiyo mtu mwingine, kisha ukambandikia na kosa. Mimi jina langu liko kwenye kadi sitini na nne. Zichapisheni, mzibandike mlangoni."

"Na zangu!" Nesi alisema. "Kwa herufi kubwa."

Kura zilipigwa saa kumi na dakika tano. Ajenda ya kwanza, kufuta vitabu: sifuri dhidi ya mbili, Mwenyekiti hakupiga. Ajenda ya pili iliondolewa. Mkutubi alipendekeza ya tatu kwa mkono wake mwenyewe, bila kuwaandikia makao makuu kwanza: Mwalimu ajiuzulu uenyekiti, alipe gundi na uzi, na asiazime kitabu kwa mwaka mmoja. Ilipita. Mwalimu alitia sahihi kujiuzulu, akafuta kwa mstari fomu ya kanuni ya tisa. Ufunguo wa droo ulirudi kwa Fundi.

Mwalimu alikuwa amesimama, kofia mkononi, alipogeuka.

"Kama si daktari," alisema, "ni nani basi?"

"Usimwambie!" Nesi alipiga meza. "Fundi, ukimwambia nakuhama!"

Fundi alipanga bahasha juu ya vitabu, akavinyanyua vyote kifuani.

"Ukurasa wa 217," alisema, akaenda karakana.

Saa kumi na dakika arobaini kulikuwa na watu saba kwenye foleni ya dirisha la Karani. Mwalimu alikuwa wa nane. Mkewe alikuwa pembeni yake na hakumsaidia. Alipofika mbele alivua kofia, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye meza za magazeti kwamba haruhusiwi kuazima, kwamba anataka kusomea humu ndani, na kwamba kitabu anachokitaka ni *Ngazi ya Kasisi*. Karani alienda karakana kukichukua. Aliandika kwenye daftari la wasomaji wa ukumbini jina kamili la mwombaji, kitabu kimoja, saa kumi na dakika hamsini na sita, na Mwalimu akatia sahihi yake mwenyewe.